Pembe za Uzi wa Kofia

Mnyama wa timu yetu alizaliwa mbwa. Watu wa Mutrah waliotushangilia kwa miaka mitatu wakituita Mafahali wengi wao walikuja kulisahau hilo, na wachache waliolikumbuka hawakulitaja. Mimi nalikumbuka kwa sababu mbwa yule nilimleta mimi. Pembe alitiwa na mama yangu, kwa sindano ya kushonea kofia na uzi mweupe, katika siku tatu za mwisho za Ramadhani.

Nirudi nyuma kidogo.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne kutoka Unguja, watu watatu: mama, kaka yangu na mimi. Baba alikuwa ameshafariki. Tulipanga vyumba viwili Mutrah, mji wa jirani, nyuma ya soko, kwenye nyumba yenye sakafu ya udongo na dari nzuri ya magogo ya mitende. Majirani walituita Zinjibari, hata wale ambao babu zao na babu zetu wamezikwa makaburi mamoja. Hawakuwa na nia mbaya. Walihitaji jina la kututofautisha, na hilo ndilo lililokuwa karibu.

Mama alizaliwa Pemba, akaolewa Unguja, na huko kote alijulikana kwa kofia zake. Mutrah alianza tena kama aliyeiacha kazi jana: alitandika mkeka chini ya dirisha, akaweka kopo la sindano, na baada ya mwezi alikuwa na wateja. Mimi nilipata kazi dukani kwa mfanyabiashara wa nguo sokoni. Alinichukua kwa kuwa nilisoma Kiingereza shuleni Unguja, na marobota ya nguo alizokuwa akiletewa yalipigwa mihuri ya Kiingereza. Mengine yalikuwa ya nguo kuukuu, mitumba, yaliyotoka Amerika kupitia Karachi. Tuliyakata mikanda yake ya chuma kwa patasi, yakafura kama unga uliotiwa hamira. Ndani mlikuwa na makoti mengi ya baridi, ambayo yalinunuliwa na watu wa milimani, na vitu vingine ambavyo hakuna aliyejua vilikuwa vya kazi gani.

Kufikia mwaka wetu wa tatu Mutrah, kaka alikuwa nahodha wa timu ya mpira. Tulikuwa saba tuliotoka Unguja na Pemba, na wengine vijana wa Mutrah waliozaliwa hapo hapo. Tulicheza Ruwi, kwenye ardhi tambarare iliyokuwa ukingoni mwa shamba la mitende la mzee mmoja. Tulimwita Shekhe kwa adabu tu. Alikuwa mtu wa Batina, pwani ya kaskazini, aliyehamia upande huu, na alikuwa na fahali mmoja mkubwa aliyevuta maji kisimani: akishuka mteremko ndoo ya ngozi inapanda, akirudi nyuma ndoo inashuka. Mzee alituruhusu kucheza kwenye ardhi yake kwa masharti mawili, tusiruke ukuta wa shamba na tusicheze wakati wa sala.

Kitu tulichokosa ni jezi. Timu ya Maskati, ya ndani ya ukuta wa mji, nayo haikuwa nazo, na mara ya mwisho tulipokutana timu zote mbili zilivaa fulana nyeupe. Kipindi cha pili mtu wetu aliwapa wao pasi tatu, na bao la mwisho mpaka leo hakuna anayeweza kuapa kwamba lilifungwa na nani. Mchezo ulivunjika. Siku chache baadaye nahodha wao alikuja sokoni, akasimama mbele ya duka letu watu wakisikia.

"Iddi pili tunacheza," alimwambia kaka. "Lakini mkiwa na jezi. Mkikosa, tumeshaongea na timu nyingine."

"Jezi tunazo," kaka akasema.

Hatukuwa na hata moja. Kaka alikuwa na kawaida ya kusema kwanza, kisha kugeuka kunitazama mimi.

Robota lilifunguliwa wiki iliyofuata. Chini ya makoti nilikuta nguo kumi na nne za pamba nzito, za mikono mirefu, zote rangi ya damu ya mzee, zote sawa. Kifuani kulikuwa na kichwa cha mnyama kwa rangi nyeupe na nyeusi, kikubwa kama sahani, na juu yake herufi zilizopangwa kwa upinde. Herufi za jina zilikuwa zimebanduka nusu. Neno moja tu lilisomeka lote, neno la chuo. Niliyemtumikia alinikubalia nizichukue zote. Alisema hakuna mtu mzima atakayevaa vile.

Timu ilikusanyika nyumbani kwetu kumtazama mnyama. Alikuwa na uso mpana, mashavu yaliyoshuka, kidevu kilichotangulia mbele na meno mawili ya chini yaliyopanda juu ya mdomo. Shingoni kitu kama miba kimemzunguka.

"Simba," kaka akasema.

"Simba hana uso wa kulala hivyo," akasema beki wetu, kijana mrefu wa Pemba aliyependa kubisha.

"Kazeeka. Na hayo manyoya ya shingoni unayaona?"

Tuliyaona. Nami nilitoa hoja yangu, ya mtu aliyesoma: chuo cha Waamerika, watu wenye nguvu, wataweka mnyama gani kama si simba? Wote wakaridhika. Nakiri kwamba hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kumwona simba. Mbwa tuliwajua, lakini mbwa tuliowajua sisi, wa Unguja na wa Mutrah, walikuwa wembamba, wa pua ndefu, wenye mbavu za kuhesabika. Yule kifuani hakufanana nao hata kidogo.

Tulizifua tukazianika juu ya paa. Zikakaa huko kutwa, kumi na nne kwenye kamba moja, na aliyepita njiani aliziona. Kaka alikuwa akipita njia ile mara nyingi kuliko alivyohitaji. Zilikuwa zimebaki siku nne Iddi iingie.

Jioni yake, kabla ya kufuturu, jirani yetu alipiga hodi. Aliwahi kufanya kazi ya upishi Bahrein, kwenye kambi ya wazungu wa mafuta.

"Mmeanika mbwa," alisema.

"Simba, ami," nikamwambia.

"Mwanangu, mimi nimempikia nyama mnyama huyo miaka miwili. Mbwa wa bosi. Hiyo shingoni si manyoya, ni ukanda wa miba."

"Mbwa gani asiye na pua?"

"Anayo, imerudi ndani. Usiku anakoroma kama mzee aliyeshiba."

Hakukusudia kutudhuru, lakini kauli ile ilitembea. Asubuhi ilikuwa imeshafika kisimani, na adhuhuri mtumishi wa mzee wa Ruwi alikuja na ujumbe. Shekhe anawasalimu. Hana ubaya na nyinyi, vijana. Lakini mbwa hapiti kwenye ardhi yake, wala wa nyama wala wa rangi. Vaeni kingine au msije.

Kingine hatukuwa nacho. Uwanja mwingine pia haukuwapo, na Maskati hawangengoja. Kaka alizianua zile nguo kambani moja moja, akazitupa sebuleni kwa mafungu, akanitazama kwa namna ambayo nisingependa kutazamwa tena. Alikuwa ameshawaambia watu wa soko zima. Nami ndiye niliyesema simba.

Tulijaribu kuzigeuza ndani nje. Rangi ilikuwa imepenya kitambaa, na uso ulionekana upande wa pili, hafifu, kama mtu anayechungulia kupitia pazia. Beki akasema tuikate picha yote kwa mkasi.

Mama alikuwa kwenye mkeka wake na kofia mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Mkae na tobo kifuani?" alisema. "Mtacheza mpira au mtaomba sadaka? Hebu leteni nimuone."

Nilimpelekea moja. Aliitandaza magotini, akaitazama muda mrefu, kichwa upande, kama alivyotazama kichwa cha mteja kabla ya kukata kofia.

"Maskini. Kahuzunika," akasema. Kisha akapitisha kidole juu ya kipaji cha yule mnyama, kushoto na kulia. "Huyu hana kasoro kubwa. Kakosa pembe tu."

"Mama, mbwa mwenye pembe?"

"Akishakuwa na pembe atakuwa mbwa vipi? Nnataka mkaa, uniletee na uzi wote ulioko kwenye sanduku."

Niliziona siku zile tatu kwa karibu, maana nilikuwa nikitoka dukani naingia kutia uzi kwenye sindano. Nitaziandika zilivyokuwa. Kwanza alichora kwa ncha ya mkaa. Kisha alishona mstari wa nje wa pembe kwa mshono ule ule anaozungushia vitobo vya kofia, mfupi na wa kubana, akarudi juu yake mara ya pili na ya tatu, mpaka pembe ikainuka kutoka kwenye kitambaa ikawa ngumu. Ukipitisha kidole macho umefumba, ulijua iko wapi. Masikio aliyashusha pembeni kwa uzi wa kahawia. Meno yale mawili aliyafunika kwa mdomo mpana mweupe. Zile herufi zilizopangwa kwa upinde juu ya kichwa zilimpa kazi kidogo; mwishowe alizijaza uzi zote na kuzifanya nundu, neno la chuo likaingia humo pamoja na jina lake. Majirani wawili wanawake walikuja kumsaidia kujaza nundu. Pembe hakumwachia mtu.

Ukanda wa miba ulibaki mwisho. Aliugeuza kamba. Alisokota nyuzi nyekundu, akaifunga shingoni mwa fahali, akaipitisha chini ya kwapa la nguo mpaka mgongoni, ikaishia pale.

Niseme na hili, kwa sababu ndani ya nyumba hatukulisema wakati ule. Siku tatu za mwisho za Ramadhani ndizo siku za mshona kofia. Kila mwanamume anataka kofia mpya ya Iddi. Mama alikuwa na kofia saba zilizoanzwa, na aliziweka zote juu ya kabati. Mmoja wa wenyewe alikuja kuulizia yake, mtu mzito, mwenye duka la viungo.

"Bi mkubwa, Iddi kesho kutwa."

"Najua, baba."

"Na kofia yangu?"

"Kichwa chako hakiendi pahala, kitaningoja. Hawa wangu watafukuzwa uwanjani."

Yule bwana alitazama mafungu ya nguo nyekundu sebuleni, akacheka, akaondoka. Iddi alisali na kofia yake ya zamani. Namshukuru mpaka leo.

Iddi pili tulikwenda Ruwi kwa miguu, tumezivaa. Ilikuwa majira ya baridi, tukashukuru uzito wa ile pamba. Mikono ilikuwa mirefu tukaikunja. Watu walikuwa wengi kuliko tulivyotazamia, wengi wao wamekuja kumwona mbwa. Mzee alikuwa amesimama mwanzo wa uwanja, fimbo mkononi, na hakuna aliyempita.

Alimwita kaka karibu. Alizungumza Kiarabu, nayaandika kwa Kiswahili.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye, shekhe."

Mzee aliinama. Macho yake hayakuwa mazuri, kwa hiyo alitumia vidole. Alipapasa pembe moja, akapapasa ya pili. Alipapasa nundu. Kisha akaishika ile kamba shingoni, akaifuata taratibu mpaka kwapani, akamgeuza kaka kwa bega, akaifuata mpaka ilipoishia mgongoni. Nilikuwa wa tatu kwenye mstari, nikivifuata vidole vyake kwa macho.

"Thor," alisema mzee, akiwageukia watu. Fahali. Kisha kwa kaka: "Nani kashona?"

"Mama yetu."

"Mama yenu ni mtu wa Barka?"

Huko Barka, kwenye Batina, fahali husukumana kwa vichwa mbele ya watu, na ukoo wenye fahali hodari hutembea kifua mbele mwaka mzima. Kaka alijua kwamba neno moja la uongo lingetuingiza uwanjani. Alisita. Kwa mara ya kwanza nilimwona akifikiri kabla ya kusema.

"Mama yetu anamjua ng'ombe, shekhe."

"Naona," mzee akasema. "Kamfunga kamba mahali pake. Wengi hawajui inapofungwa." Akaondoa fimbo. "Piteni."

Maskati walikuja na fulana zao nyeupe, na mdomo pia. Mchezo haujafika hata dakika kumi, mshambuliaji wao mmoja alimpita beki wetu akamwuliza kwa sauti:

"Fahali wenu anabweka?"

"Njoo karibu usikie," beki akamjibu, na mara ya pili hakupita.

Walitufunga kwanza. Tukasawazisha kabla ya mapumziko, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kutoka upande wa shamba, walikokaa watu wa Batina waliokuja kumtembelea mzee kwa sikukuu, sauti moja ililia kama ng'ombe, ndefu na nzito. Ikajibiwa na nyingine. Kisha upande wote. Watu wa Mutrah wakaipokea, watoto wakaipokea, na fahali wa mzee mwenyewe, amefungwa nyuma ya ukuta, naye akatoa sauti. Watu walicheka mpaka mwamuzi akasimamisha mchezo. Mimi nilisimama katikati ya uwanja na nguo ile mwilini, na kwa mara ya kwanza tangu tushuke melini sikujihisi mgeni wa mtu.

Tulifungwa mbili kwa moja. Siwezi kuandika vingine, ndivyo ilivyokuwa. Lakini mchezo ulipokwisha nahodha wa Maskati alikuja kwa kaka, akaomba kuzishika pembe. Na tulipokuwa tukirudi Mutrah, mwenye duka la mafuta ya taa alitoka nje akapiga kelele, "Mafahali hao!" Hakusema Zinjibari. Tangu siku hiyo hilo ndilo lililokuwa jina letu, na waliozaliwa Mutrah na waliozaliwa Pemba walilijibu sawasawa.

Mama alikuwa anamalizia kofia ya yule mtu wa viungo.

"Vipi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Tumefungwa."

"Pembe zimefumuka?"

"Hata moja."

"Basi," akasema, na akaendelea kushona.

Nguo zile tulizivaa mpaka mwaka wa sabini. Viwiko vilitoboka, rangi ya damu ya mzee ikawa ya matofali, lakini pembe zilibaki zimeinuka. Baada ya hapo ndugu zetu wengi walikuja kutoka kila mahali, vijana walipata jezi za dukani, na ile timu iligawanyika katika timu kubwa zaidi. Nimebaki na nguo moja. Iko kabatini kwangu hapa Al Khuwair, imekunjwa pembe zikitazama juu ili zisilale.

Miaka michache nyuma mjukuu wa kaka, anayesoma Amerika, aliniambia kwamba nguo kuukuu za timu za vyuo vya huko zinatafutwa sana sasa. Watu hukusanya, hujuana kwa mishono na kwa umbo la herufi. Aliniambia pia namna vyuo vile vilivyopata wanyama wao. Kimoja kilimpata kwa sababu mwanafunzi alikuja na mnyama wake kwenye mechi na timu ikashinda. Kingine kwa sababu mwandishi wa gazeti aliwatania na wao wakaipenda ile dhihaka. Alinitaka niufumue uzi wa nundu ili tusome jina la chuo. Nilimwambia jina la chuo hicho nimeishi bila kulijua tangu nikiwa kijana, na naweza kuendelea. Ila nilifurahi kusikia kwamba wa kwetu naye hakupatikana kwa njia ya ajabu kuliko ya wengine. Wao mnyama wao waliletewa na mwanafunzi. Sisi tulimleta mbwa, na mama yetu akamrekebisha.

Lipo jambo moja ambalo sijalimaliza.

Wapemba wa timu yetu, na wajukuu zao sasa, wanasema yule ni fahali wa Pemba. Huko nako kuna mchezo wa ng'ombe, na mama alikuwa akiuangalia tangu mdogo, amevaa nguo mpya, pamoja na shangazi zake waliokuwa wakimwimbia fahali ili apandwe na hasira. Mimi mwenyewe ni shahidi kwamba alipokuwa akishona alikuwa akiimba wimbo kwa sauti ya chini, na haukuwa wa Unguja. Watu wa Batina wanasema yule ni wa kwao, na wana ushahidi wa mzee na ile kamba. Mmoja wa wale majirani waliojaza nundu aliniambia, miaka mingi baadaye, kwamba siku ileile ujumbe wa mzee ulipofika, mama alijitanda akaenda Ruwi kununua ndimu. Alisimama karibu na kisima saa nzima, akimtazama yule fahali akivuta maji. Ndimu alizisahau huko huko.

Nilimwuliza mama mara tatu. Mara ya kwanza alisema, "Ng'ombe ni ng'ombe, mwanangu, ana miguu minne." Mara ya pili alisema ana kazi. Mara ya tatu alikuwa mgonjwa na macho yake yalikuwa yamekwisha kama ya yule mzee. Aliniomba nimletee ile nguo. Alizipapasa pembe, akaifuata kamba kwa kidole mpaka mgongoni inapoishia.

"Uzi bado mzima," alisema, akanirudishia. Ng'ombe wa nani, hakusema.